Daktari Wangu wa Meno Ananisifu kwa Ushujaa Nisio Nao

Mpendwa Mshauri,

Msaada ninaouomba ni wa jino, na nakusihi usiiruke barua hii ukaenda kwa wenye ndoa zinazovunjika, maana hata hili la kwangu lina ndoa ndani yake, lina uongo, na lina binti wa watu ambaye hajanikosea kitu, amenitendea wema mtupu, na bado mimi mzee mzima nimefika mahali pa kuukwepa mtaa wenye kliniki yake, nikimwona kwa mbali mtu yeyote aliyevaa koti jeupe navuka barabara kama mwizi wa kuku.

Nianze mwanzo ili unielewe. Mimi na mke wangu tulitoka kwetu nywele zikiwa bado nyeusi, tukakaa kambini, kisha tukaletwa katika mji huu ambao si wetu lakini umetupokea, nikapata kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha kuchapa vitabu, watoto wakasoma, wakakua, wakatawanyika kila mmoja na njia yake, na sisi tumebaki wawili katika vyumba ambavyo dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Silalamiki. Nimeishi kwa watu muda mrefu kuliko nilivyoishi kwetu, na kama kuna neno nililolitumia kuliko yote katika umri huu ni asante, hata wanangu hunitania, husema baba akikanyagwa kwenye foleni yeye ndiye anayeshukuru.

Mke wangu macho yamemwacha. Zamani yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba, akishika kitabu hata chungu kinaungua, sasa mimi ndiye ninayemsomea kila alasiri, riwaya, magazeti, hata safu yako hii, naye hukaa upande wangu wa kulia, miguu juu ya kigoda, akinikosoa nikiruka mstari, kwa sababu anajua, sijui anajuaje. Hiyo ndiyo saa yetu. Sasa kusoma huko kunategemea meno, na meno yangu ya mbele ya juu ni ya bandia, yameshikiliwa kwa waya kwenye gego moja lililobaki, na gego hilo ndilo lililooza. Lilipoanza kunisumbua sikumwambia mtu, lakini yeye alilisikia.

"Leo unasoma kama una kokoto mdomoni," aliniambia.

"Mafua tu."

"Mafua ya wapi hayo?" Akanyoosha mkono akanipapasa uso, akakuta shavu limejaa kama puto. "Ya shavuni?"

Siku moja nilijaribu kumsomea bila yale meno ya bandia, nione itakuwaje gego likiondoka. Kila penye neno "sisi" ilitoka filimbi ya mwamuzi wa mpira. Mke wangu akacheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka, tukaendelea hivyo ukurasa mzima, kisha akasema basi, tupumzike kidogo, na nikatambua kwamba hakuwa amefuata hata sentensi moja. Tangu siku hiyo ninajua ninachokipigania.

Lakini nilikuwa naogopa. Kule kambini nilishang'olewa jino na bwana mmoja mwenye koleo, hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka, jua kali, foleni nyuma yangu imezunguka hema, na nilipotoa sauti aliniambia, "Kaa kimya kijana, wenzako wanasubiri," watu wawili wakanishika mabega, nikakaa kimya. Tokea hapo harufu tu ya dawa za kliniki hunitoa jasho la viganja, na meno yaliyofuata kuuma niliyaacha yadondoke yenyewe kama majani. Safari hii mke wangu hakunisikiliza. Alinishika mkono akanipeleka, kipofu akimvuta mwenye macho, na watu njiani wakitupisha.

Huyo daktari tuliyemkuta, Mshauri, sijui nikueleze vipi. Hakunilaza. Alikaa kwenye kiti kifupi, magoti yake na yangu yakitazamana, barakoa ameiteremsha kidevuni ili niuone mdomo wake ukisema, akaniuliza, "Babu, hasa unaogopa nini? Sindano, ile sauti, au kulala chali?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, nilidhani hofu ni moja tu. Nikamwambia naogopa kushikwa. "Basi hapa hakuna wa kukushika," akasema, na muuguzi wake, aliyekuwa amesimama karibu na bega langu, akasogea nyuma bila kuambiwa. Vyombo vyake alikuwa amevifunika kwa kitambaa, akawa ananitolea kimoja kimoja, kile kioo kidogo akanipa nikishike mwenyewe nijitazame gego langu, kisha ile mashine inayolia kama mbu, akaivalisha kichwa cha mpira, akaizungusha juu ya ukucha wangu ili nione inavyotekenya, na ikatekenya kweli, nikacheka kwenye chumba nilichokiogopa maisha yangu yote. Akanifundisha kuvuta hewa kwa pua na kuitoa taratibu kama mtu anayepoza chai. Akaniahidi kwamba hatafanya kitu kabla hajakitaja. Mwisho akasema, "Ukisikia maumivu, au ukichoka tu, nyanyua mkono wa kushoto. Nitaacha papo hapo, na sitakuuliza kwa nini. Mkono wako ndio bosi hapa." Siku hiyo hakutibu chochote, alinizoesha tu, na nilirudi nyumbani nikitembea kama bwana harusi.

Sasa sikia nilichokifanya. Siku ya kulifungua jino alinichoma ganzi polepole, akasubiri, akagonga, nikamwambia tayari, kwa sababu mdomo ulikuwa mzito kweli. Alikuwa akitaja kila kitu kama alivyoahidi, sasa maji ya baridi, sasa mtikisiko, lakini alipofika ndani kwenye mzizi maumivu yalinipanda mpaka kwenye jicho. Mkono wa kushoto ulikuwa pale juu ya tumbo langu, mzima, hauna ugonjwa wowote, nikauambia nyanyuka, ukakataa. Nikawawaza waliokaa kwenye benchi nje, nikaiwaza chai yake niliyoiona inapoa dirishani kwa ajili yangu, nikamsikia akisema kwa furaha, "Tunakwenda vizuri, babu," nikaona haya kumharibia. Nikakunja vidole vya miguu ndani ya viatu, ambako hakuna anayeona. Akauliza, "Inauma?" Nikatikisa kichwa kukataa. Alipomaliza akavua glavu, wakanipigia makofi yeye na muuguzi wake. "Hukunyanyua mkono hata mara moja! Babu, wewe ni shujaa." Nami nikajibu nini? Asante.

Mara iliyofuata ikawa vile vile, makofi na yote. Na siku hiyo hiyo, natoka ndani, kwenye benchi alikuwapo mama mmoja muuza mitumba, shavu amelifunga kitambaa, analia kabla hata ya kuitwa. Daktari akanishika bega. "Mama, muulize huyu babu yangu, ndiye mgonjwa wangu hodari."

"Kweli mzee, haiumi?" yule mama akaniuliza.

"Hata kidogo," nikasema, huku ulimi wangu ukilikwepa gego.

Akaingia. Nikiwa bado napangiwa siku ya kurudi nilisikia sauti yake imetoboa ukuta, "Weee! Daktari weee!" kisha kimya, kisha daktari akisema pole mama, ngoja niongeze ganzi, kisha baada ya muda kidogo, amini usiamini, vicheko. Akatoka na mdomo umepinda kwa ganzi, akanipiga bega karibu aniangushe. "Mzee, mimi nimenyoosha mkono mpaka kwapa limechoka! Wewe uliwezaje?" Akaenda zake na furaha, ameiacha hofu mle ndani, kwa kutumia kitu kile kile nilichopewa mimi nikakikalia.

Kimebaki kikao kimoja, cha kumalizia kuusafisha mzizi na kuziba moja kwa moja. Kwa sasa gego lina dawa ya muda tu, na daktari alinionya isikae sana, kwa sababu usaha ukirudi hapatakuwa na la kufanya ila kung'oa. Siku yenyewe ilipofika nilikwenda peke yangu, nikakaa kwenye benchi, nikaisikia ile mashine, nikamwambia dada wa mapokezi kwamba nimepigiwa simu, mke wangu ameugua ghafla, nikaondoka mbio. Jioni daktari mwenyewe akapiga simu. "Bibi anaendeleaje? Nikitoka kazini nije nimwone?" Nikasema hajambo sasa, usijisumbue, asante sana. Mke wangu alikuwa amekaa pale pale, amesikia kila neno.

"Nimeugua nini?" akaniuliza nilipokata simu.

"Presha."

"Ungenishauri kwanza, ningechagua ugonjwa wenye hadhi." Kisha akaacha mzaha. "Wewe unaogopa kumuudhi mtoto wa watu kuliko unavyoogopa usaha. Mwambie."

Mshauri, siwezi. Nikimwambia atajua kwamba siku zile alizonipigia makofi alikuwa akiniumiza kwa mikono yake, yeye aliyenikalia magoti kwa magoti ili asiniumize, na hayo ndiyo yatakuwa malipo ya wema ambao sijaupata kwa mtu mwingine yeyote mwenye chombo cha chuma mkononi. Nimefikiria kwenda kliniki nyingine wasikonijua, nimefikiria kumwomba aling'oe tu yaishe, nimefikiria kukaza roho mara moja ya mwisho, lakini hilo la mwisho mwili umelikataa, miguu haifiki. Nifanye nini nisimvunje moyo binti huyu, na mke wangu asimkose msomaji wake?

Wako,
Mzee Mwenye Gego Moja

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Mzee Mwenye Gego Moja. Heshima nimeshaitoa, sasa niruhusu nikugombeze.

Lakini kabla ya hapo, pole. Pole kwa lile jua, lile koleo na ile mikono miwili mabegani. Yule bwana hakukung'oa jino tu, alikuachia na somo, kwamba mtu mwenye maumivu ni mtu anayewachelewesha wenzake, nawe ukalihifadhi somo hilo vizuri kama unavyohifadhi kila kitu. Sikucheki kwa kuogopa. Mtu aliyeungua hapaswi kuulizwa kwa nini anaukwepa moto.

Sasa nikugombeze. Wewe ulikuwa msahihishaji wa maandishi. Mwandishi akikuletea ukurasa una makosa, ulikuwa unamwambia "asante, hauna kosa", kwa kuwa tu alikuja na uso mkunjufu? Usingedumu kiwandani hata wiki. Binti huyu amekuletea kazi yake uisome kwa mwili wako, akakupa na kalamu nyekundu, ndiyo ule mkono wa kushoto, nawe ukaikalia. Kioo chake kidogo kinaonyesha jino. Maumivu hakionyeshi. Anayeweza kumwonyesha ni wewe peke yako, na alipokuuliza waziwazi, ukatikisa kichwa. Hapo hukumhurumia, mzee. Ulimwacha afanye kazi gizani, na akamaliza akidhani kumekucha.

Na yule mama wa mitumba? Umshukuru Mungu kwamba amejaliwa koo. Angekuwa mtu wa aina yako, angekunja vidole vya miguu kwa sababu mzee wa benchini kasema haiumi, akatoka pale akijiona yeye tu ndiye mwoga duniani. Ukikutana naye sokoni, mwambie kwamba yeye ndiye aliyefanya sawasawa. Atacheka sana, na unastahili kuchekwa.

Habari za kliniki nyingine sitaki kuzisikia. Utakwenda na mkono ule ule usionyanyuka, kwa daktari ambaye huenda hatakuuliza unaogopa nini. Na kung'oa gego linaloweza kupona ili tu ukwepe kusema sentensi moja ni kukata kidole kwa sababu kucha ni ndefu. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kitakachokuumbua ni filimbi, kila alasiri, mbele ya mtu anayekutegemea.

Nilimuuliza daktari mmoja wa meno ninayemfahamu, bila kumweleza wewe ni nani. Kwanza alisema si ajabu hata kidogo kwamba iliuma, maana jino lenye usaha mara nyingi ganzi hailishiki vizuri. Kuna njia: kuongeza, kuchoma mahali pengine, kusubiri zaidi, wakati mwingine kutuliza usaha kwanza kwa dawa. Lakini zote zinaanza na mgonjwa kusema. "Anayepiga kelele najua yuko wapi," aliniambia. "Anayenyamaza ndiye anayenipa hofu." Kwa hiyo yale maumivu hayakuwa kosa la mikono ya binti yako, wala hayakuwa woga wako. Yalikuwa habari ambayo haikufika.

Haya, ushauri wenyewe ni huu, na usome taratibu.

Ile ishara ya mkono ni nzuri, imemsaidia yule mama, itawasaidia wengi. Wewe haikufai. Mtu aliyelelewa kwamba kumkatisha mwenzake kazi ni utovu wa adabu, kisha akaja kufundishwa hivyo hivyo kwa koleo, hawezi kubadilika akiwa amelala chali mdomo wazi. Usipigane na mkono wako. Mwombe daktari muigeuze ishara.

Mtu akija nyumbani kwako hupiga hodi. Ukisema karibu, anaingia. Usipojibu, anapiga tena, na tena, kisha anaondoka zake. Hausukumi mlango akasema nimesikia kimya nikajua ni ruhusa. Basi daktari afanye kazi kidogo, kipande ambacho mmekubaliana, kisha atoe chombo chote mdomoni, aseme, "Hodi, babu." Wewe ukiwa tayari, inua kidole kimoja tu. Hiyo ndiyo karibu. Kidole kisipoinuka, haingii. Anasubiri, anaongeza ganzi, au anakuketisha mzungumze. Hapo hutakuwa umemkatisha mtu kazi, yeye ndiye anayejikatisha, na kile kimya chako kilichokuwa kinakuponza kitageuka kuwa kufuli la mlango. Atakubali? Mtu aliyekuzungushia mashine kwenye ukucha mpaka ukacheka hatakataa kupiga hodi.

Nalisema hili kwa upole. Umeishi ugenini muda mrefu, na umekuwa mgeni mzuri, wa kushukuru hata unapokanyagwa. Watu waliokupokea wanastahili shukrani hizo, sikunyang'anyi hata moja. Lakini kinywa chako si ugenini. Humo hukuhamishwa na mtu. Humo wewe ndiye mwenyeji, daktari ndiye mgeni, na mgeni mwenye adabu kama huyu hachukii kuonyeshwa mahali pa kukanyaga na mahali pa kuacha.

Piga simu kliniki leo, kabla gazeti hili halijafungiwa vitu. Usitunge hotuba. Sema hivi: "Daktari, mke wangu hakuugua. Mimi ndiye niliyekimbia. Nataka kurudi, lakini tuzungumze kwanza." Ukifika, mweleze ukiwa umekaa wima, barakoa yake ikiwa bado chini, kabla kiti hakijashushwa, mtu akishalazwa chali hana ukweli, ana kukoroma tu. Mwambie iliuma siku ya kwanza, iliuma na ya pili, na kwamba mkono ulikataa. Mweleze na la kambini, maana ulimwambia unaogopa kushikwa, hukumwambia kwamba unaogopa pia kuwasubirisha watu. Mwombe akupangie saa ambayo benchi nje ni tupu. Ni jambo dogo, na wengi hawajui kwamba linaombeka.

Na wewe mama, najua unasikiliza, kwa kuwa mzee ameungama mwenyewe kwamba anakusomea safu hii. Kama hapo juu ameruka mstari, mrudishe. Safari hii usimwache aende peke yake. Omba kiti kwenye kona ya chumba. Wewe uliyesikia kokoto mdomoni mwake utasikia pia pumzi yake ikikatika, na ikikatika mwambie daktari, usingoje ruhusa ya mumeo. Halafu ule ugonjwa wa presha uliopewa bila kushauriwa, mdai mgonjwa wako akuombe radhi kwa riwaya nene.

Limebaki lile linalokutesa zaidi, kwamba binti atavunjika moyo. Ndiyo, mzee, litamchoma. Pengine ataangalia pembeni, pengine atasema "babu, kwa nini hukuniambia?" kwa sauti ambayo hutaipenda. Mwache. Usikimbilie kumfariji kwa kusema haikuuma sana. Huo utakuwa uongo mpya juu ya ule wa zamani. Amechagua kazi ya kuingiza mikono mahali ambapo watu hawawezi kuzungumza, na hakuna shule inayoweza kumfundisha kila aina ya kimya. Kimya cha aina yako utamfundisha wewe. Kuna wazee wengine watakaokuja kukaa kwenye kiti kile, mikono imetulia juu ya tumbo, wakisema asante, na yeye ataangalia viatu vyao.

Unataka kumshukuru, na ana haki ya kushukuriwa. Basi usimpelekee zawadi, wala usimwongezee sifa, zako za uongo zinamtosha. Kaa kwenye kiti chake, mwambie panapouma. Hiyo ndiyo asante anayoweza kuitumia kazini.